Ndoo Uteke

Kila siku baada ya masomo, Kisima hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwanza kwenye duka la dobi ambako mama yake alikuwa akifanya kazi ya kupiga pasi. Alipenda kuingia kwa mlango wa nyuma, kwenye chumba cha mvuke, ambako mashati yalining'inia kwenye henga safu kwa safu, kila moja na kikaratasi chenye nambari kwenye kola, kama wanafunzi walio gwarideni. Chumba kizima kilinukia sabuni na wanga. Mama alikuwa akisukuma pasi huku jasho likimchuruzika, na Kisima akikaa kwenye kiti kifupi kukunja foronya.

"Bosi mdogo amefika!" mwenye duka alikuwa akisema kila akimwona. "Jamani, fanyeni kazi, msije mkafukuzwa!"

Siku ya Ijumaa ilikuwa siku ya simu. Bibi, mama yake mama, alipiga kila Ijumaa jioni kutoka kwao, na kwao kulikuwa mbali, safari ya kulala njiani. Kwa kuwa mikono ya mama haikuwa na nafasi, simu iliwekwa kwenye rafu, karibu na chupa ya wanga, sauti ikafunguliwa ili wote wasikie.

"Hujambo, mjukuu wangu?" sauti ya bibi ilisema Ijumaa hiyo.

"Sijambo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Je, masomo yanaendeleaje?"

"Yanaendelea vizuri."

"Hilo ni jambo la kufurahisha sana. Zingatia masomo. Ninawatakia jioni njema."

Simu ikakatika.

Mwenye duka alichungulia kutoka kaunta. "Hivi huyo bibi yenu ni mtangazaji wa redio? Nilikuwa nasubiri asome na habari za michezo!"

Akacheka mwenyewe. Mama hakucheka. Kisima aliinamia foronya zake. Ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kuzungumza na bibi, na bado alikuwa na hamu ya kuzungumza na bibi.

Bibi hakuwa hivyo. Bibi alikuwa mshonaji wa mito na magodoro, mtu wa maneno mengi na vicheko vingi, mwenye pamba kwenye nywele hata siku ya kwenda harusini. Alizungumza uzi ukiwa umebanwa katikati ya meno, na bado kila mtu alimsikia. Huko kwao, pale ambapo watu wengine husema "ch" na "nj", mara nyingi wao husema "t" na "nd". Chini ni tini. Macho ni mato. Njaa ni ndaa. Kisima alipokuwa akitoka shule, bibi alimpokea mlangoni kwa maneno yaleyale: "Ndoo, mwanangu, ndoo uketi tini. Una ndaa?" Na kabla hajajibu, sahani ilikuwa mbele yake.

Kisha mama akapata kazi kwa dobi, wakaondoka, wakamwacha bibi na magodoro yake.

Jina la Kisima halikuwa jina lake. Alilipata katika wiki ya pili ya shule mpya. Asubuhi moja wakati wa mapumziko alipita karibu na dirisha la ofisi, akaona kuku amesimama juu ya kiti cha mwalimu mkuu. Kuku huyo alikuwa akitazama huku na huku, kifua mbele, kama anayetaka kujua nani amechelewa. Kisima alishika mbavu zake kwa kicheko. Akamwita msichana aliyekaa naye dawati moja, ambaye kwa urefu wake aliitwa Twiga.

"Twiga! Ndoo uteke! Ndoo uteke upesi!"

Kwao, maneno hayo yalikuwa na maana ya "njoo ucheke". Lakini Twiga hakujua hilo. Yeye alisikia ndoo na kuteka. Alinyakua ndoo iliyokuwa mlangoni mwa darasa, akatimua mbio hadi bombani, akarudi anahema, maji yakimwagikia miguuni.

"Kunaungua wapi?" aliuliza.

Watu walivunjika mbavu. Hata kuku alitoka ofisini mwenyewe bila kufukuzwa. Twiga, aliyelowa mpaka magotini, hakufurahi hata kidogo. Kabla kengele haijalia alikuwa ameshampa mwenzake jina. "Ukitaka kuteka, nenda kwa Kisima!"

Mwalimu mmoja wa zamu aliyekuwa akipita alisikia kelele, akauliza kisa, akaelezwa. "Msimcheke," alisema bila kusimama. "Hiyo ni lahaja tu."

Alikuwa na nia njema, lakini wanafunzi hawakuiokota nia njema. Waliokota lile neno peke yake.

"Kumbe Kisima ana lahaja!"

"Ameipata wapi?"

"Kwao. Wote wanayo."

"Usimwazime kalamu, ataitia mdomoni, akikurudishia na wewe utaanza kuteka!"

Tangu siku hiyo, kila alipokosea neno moja, darasa zima lilivuma kama nyuki: "Lahaja! Lahaja!" Kisima hakuwahi kulisikia neno hilo maishani mwake, na aliona haya kuuliza. Jioni ile alisimama mbele ya kioo, akatoa ulimi, akautazama juu na chini kutafuta kilichoota. Hakikuwapo kitu. Hata hivyo aliamini kwamba kuna kitu ndani ya mdomo wake ambacho watu wazuri hawana.

Basi akaanza kuzungumza kidogo. Akisimama kujibu swali, alipima kila neno kama mtu anayevuka kijito juu ya mawe yenye utelezi. Na Ijumaa moja, mama alipokwenda kaunta kumpa mteja suti yake, bibi akasema kwenye simu, "Ndoo basi unihadithie, mwanangu," na Kisima akamkata kauli.

"Bibi, sema njoo. Ndoo ni chombo cha maji."

"Ati nini?"

"Sisi tuna lahaja, bibi. Usiseme ndoo, usiseme kuteka. Ukija huku ukisema hivyo watu watakucheka. Watanicheka na mimi."

Kwenye simu mkasi wa bibi ulisikika ukikata kitambaa, kisha ukasimama.

"Haya," bibi alisema. "Nitajifunza."

Naye akajifunza. Alianza kusikiliza taarifa ya habari kila jioni, na Ijumaa zilizofuata Kisima alisikia "je" na "hilo ni jambo" na "zingatia". Simu zikawa fupi. Hadithi za wateja wa magodoro zikaisha. Zile kelele za bibi za kucheka mpaka akakohoa zikaisha. Kisima alilala akiwa amejifunika gubigubi, akijaribu kuikumbuka ile sauti, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuna mtu wa kumlaumu ila yeye.

Jumatatu, baada ya ile simu ya mtangazaji wa redio, mama alizima pasi, akavuta kiti.

"Nimezungumza na bibi yako mchana. Anasema haji tena likizo."

Shule ilikuwa inafungwa wiki inayofuata. Kitanda cha bibi kilikuwa kimeshatandikwa, tena na yeye mwenyewe.

"Kwa nini, mama?"

"Anasema anaogopa kukuaibisha mbele ya wenzako. Sijui jambo hilo amelitoa wapi." Mama alimkazia macho. "Wewe unajua?"

Kisima aliokota foronya ambayo tayari ilikuwa imekunjwa, akaikunja tena.

Kesho yake, katika kipindi cha Kiswahili, Twiga aliinua mkono hata kabla mwalimu hajaketi.

"Mwalimu, naomba nihame dawati. Huyu ana lahaja."

Darasa likacheka. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa mama mmoja mnene, mpole wa sauti, lakini hakuna aliyethubutu kumchezea. Miguu yake ilikuwa ikimvimba kwa kusimama, kwa hiyo kila akifika darasani alivua viatu vyake vya visigino na kuvaa vya mpira alivyovificha chini ya meza. Siku hiyo alikuwa amevua kimoja tu. Akabaki hivyohivyo, mguu mmoja juu, mwingine chini.

"Ana nini?"

"Lahaja, mwalimu."

"Lahaja ni nini?"

Twiga alitazama wenzake kuomba msaada. "Ni... ni ugonjwa wa kuzungumza vibaya."

"Haya. Nani hapa hana ugonjwa huo? Ainue mkono."

Mikono yote ikainuka, isipokuwa mmoja. Kisima alikuwa ameinamia dawati kana kwamba anahesabu mikwaruzo yake.

Mwalimu aliinama, akatoa kiatu kimoja cha mpira chini ya meza, kile chenye mikanda miwili inayopita katikati ya vidole. Akakiinua juu.

"Hiki kinaitwaje?"

"Kandambili!" alisema Twiga upesi.

"Wewe! Hizo ni ndara," alisema mvulana wa dirishani.

"Ndara ni nini? Hayo ni malapa!" mwingine akadakia kutoka nyuma.

"Malapa! Malapa! Umeota ndoto wewe? Nyumbani kwetu wote tunasema ndara, hata babu anasema ndara!"

"Basi babu yako naye amekosea!"

"Usimguse babu yangu!"

Darasa liliwaka moto. Mvulana wa dirishani alikuwa ameshasimama juu ya kiti. Mwalimu aliwaacha wagombane mpaka wakachoka, huku kiatu kikiwa bado hewani. Kisha akauliza polepole:

"Sasa niambieni. Katika nyinyi, mgonjwa ni yupi?"

Mvulana wa dirishani alishuka kitini.

"Wazazi wenu wamehamia hapa kutoka sehemu mbalimbali," mwalimu aliendelea, "na kila mmoja alikuja na Kiswahili cha kwao. Sikilizeni vizuri, maana neno hili mmelitesa. Lahaja ni namna lugha moja inavyozungumzwa na watu wa mahali fulani. Ina maneno yake, ina matamshi yake, ina namna yake ya kuunda sentensi. Neno moja kama ndara halifanyi lahaja nzima, lakini limewaonyesha kwamba hakuna aliyeokota maneno yake hewani. Kila mtu amejifunza kuzungumza mahali, kwa watu. Wala msichanganye na lafudhi. Lafudhi ni jinsi sauti yako inavyosikika unapotamka. Unaweza kusoma sentensi ileile ya kitabu kwa lafudhi yako, na sentensi isibadilike hata neno."

"Kwa hiyo, mwalimu," aliuliza Twiga, sasa sauti yake ikiwa chini, "hatusemi mtu ana lahaja?"

"Useme hivi: anazungumza lahaja ya kwao. Ukisema ana lahaja kama unavyosema ana upele, umelitukana neno, na umemtukana mtu."

"Na hiki cha vitabuni, mwalimu?"

"Hicho tunakiita Kiswahili sanifu. Tunakifundisha ili wewe, na yeye, na mtu wa mbali kabisa, msome kitabu kimoja na mwelewane. Kwenye mtihani andika hicho, nisione kingine. Lakini nacho kilianza kikiwa lahaja ya watu wa mahali fulani, watu kama nyinyi, wenye bibi zao na majirani zao. Kilichaguliwa, kikapangwa, kikaandikiwa vitabu. Hakikushuka kutoka mbinguni kimevaa tai."

Watu walicheka, na safari hii kicheko hakikuwa na mwiba. Kisima akajikaza kisabuni, akainua mkono. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza swali tangu ahamie shule hiyo.

"Mwalimu, mtu akiiacha lahaja yake... inarudi?"

Mwalimu alishusha kiatu. Alimtazama kama mtu anayejua kwamba swali hilo halikutoka kitabuni.

"Ikiwa yule uliyezoea kuzungumza naye bado yupo, inarudi. Lakini mtu asikae sana kabla ya kumtafuta."

Mapumzikoni, Twiga alikuja akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Lakini ndoo uliniambia, kweli. Nilidhani ofisi inaungua," alisema. Kisha akaongeza, "Yule kuku alikuwa anafanya nini? Mimi sikumwona akiwa kitini."

Kisima akamwigizia yule kuku, kifua mbele, shingo huku na huku. Twiga alicheka mpaka akakaa chini.

Kisima hakuweza kungoja Ijumaa. Alipofika kwa dobi alitupa begi lake, akamweleza mama kila kitu, kuanzia kioo na ulimi mpaka ile siku aliyomkata bibi kauli. Machozi yalikuwa yakimtoka akisema. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumgombeza. Alibonyeza namba ya bibi, akaiweka simu kwenye rafu na kufungua sauti, kwa kuwa shati la mteja lilikuwa mezani na pasi ilikuwa ya moto. Wateja wawili walikuwa wakisubiri kaunta, na mlango wa kati ulikuwa wazi.

"Hujambo, mjukuu wangu? Je, kuna habari gani?" bibi aliuliza kwa sauti ileile ya redio.

Kisima aliwatazama wale wateja. Mmoja alikuwa tayari amegeuza shingo.

"Bibi," Kisima alisema kwa sauti ya kutosha watu wote kusikia, "ndoo."

"Ndoo ni chombo cha maji, mjukuu wangu. Ndivyo ulivyonifundisha."

Kisima alihisi kama amemwagiwa maji ya baridi. Bibi hakuwa na hasira, hata kidogo. Alijibu kama mwanafunzi mtiifu, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko hasira.

"Nilikosea, bibi. Nilifundisha kitu nisichokijua. Lahaja si ugonjwa. Mwalimu ametuambia. Ametoa kiatu chake cha mpira darasani, akauliza kinaitwaje, watu wakataka kupigana, mmoja akapanda juu ya kiti kwa sababu ya babu yake! Nisamehe, bibi. Nimechoka na yule mtu wa redio. Nakutaka wewe."

Kwenye simu kikasikika kitu kama mluzi, kisha kikohozi, na Kisima akakitambua. Bibi alikuwa anacheka.

"Kiatu! Mwalimu mzima na kiatu mkononi! Basi, basi, usinitekeshe, nimetia sindano mdomoni!" Akacheka tena, akakohoa tena. "Wewe mwana wewe. Wajua nilivyoteseka? Kila neno nalitafuta kama sindano iliyoanguka ndani ya pamba. Mato yanauma kwa kushona, na ulimi nao unauma kwa kusema!"

Mwenye duka alikuja mpaka mlangoni. "Leo redio imekamata stesheni nyingine," alisema, na mama safari hii alicheka.

"Mama," mama yake Kisima alisema kuelekea kwenye rafu, "kosa jingine ni langu. Hapa mchana kutwa nasema na wateja, nikifika nyumbani nimechoka, nimekuwa nikimjibu mtoto kama mteja." Akamgeukia Kisima, pasi ikiwa imesimama wima. "Sikiliza, mwanangu. Mteja akija nasema, njoo kesho uchukue nguo zako. Mama yangu akipiga simu nasema, ndoo. Ni mdomo huuhuu, na sijawahi kupungukiwa na kitu. Jifunze Kiswahili cha shule mpaka uwashinde wote. Lakini usikubali mtu akufundishe kuionea haya sauti iliyokulea. Na mtu akikutupia neno usilolijua, usilibebe. Uliza kwanza maana yake."

"Ndiyo, mama."

"Bibi," Kisima alisema haraka, "utakuja likizo?"

"Nitakuja. Nani atanizuia? Nikija nitawateka wote wanaokuteka." Sauti ya bibi ikashuka kidogo. "Lakini nakuja kutembea tu, mwanangu. Siji kugura."

Kisima alikunja uso. Aliyajua maneno ya bibi kama alivyoijua njia ya nyumbani, lakini hili lilimpita.

"Kugura ni nini, bibi?"

"Hulijui? Kugura ni kuhama. Kutoka ulipokuwa ukiishi ukaenda kuishi kwengine."

Kisima alilirudia neno hilo kimoyomoyo. Miaka yote aliyolelewa na bibi hakuwahi kulisikia, kwa sababu katika nyumba ile, mpaka siku walipoondoka yeye na mama, hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuhama.